Mdakaji wa akiba na vidole vya mwenzake

Kipa namba mbili wa timu ya soka anaweza kumaliza msimu mzima jezi yake ikiwa bado ina mikunjo ya pasi. Mdakaji namba mbili wa besiboli ya kulipwa ya Marekani, miaka ya 1870 na 1880, hakujua msimu wa namna hiyo. Alijua atacheza, tena karibuni, kwa sababu vidole vya namba moja vilikuwa vinavunjika. Ajira yake ilisimama juu ya mifupa ya mtu mwingine, na siku mifupa hiyo ilipopata kinga ya maana, ajira nayo ikageuka. Historia za besiboli zimejaa warushaji na wapigaji. Mimi namwona huyu wa pili, aliyekaa akisubiri mkono wa mwenzake uvimbe, kuwa ndiye anayeonyesha mchezo ule ulivyokuwa hasa.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anatupa mpira kuelekea kwa mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji yupo mdakaji, mwenye kazi ya kuudaka kila mpira usiopigwa. Anayefuatilia kriketi atamfananisha na mlinda wiketi. Mpira ni mgumu, nyuzi zilizosokotwa kwa nguvu na kuvikwa ngozi, uzito wake aunsi 5 hadi 5¼, yaani karibu gramu 145, na mzingo wake inchi 9 na kitu. Vipimo hivyo ni vilevile tangu 1872. Katika mchezo mmoja mdakaji hupokea mipira kama hiyo zaidi ya mia. Sasa fikiria unaipokea kwa mikono mitupu.

Ndivyo walivyofanya wadakaji wa ligi ya kwanza ya kulipwa, iliyoanza 1871. Doug Allison wa Cincinnati alionekana 1870 amevaa glavu za ngozi ya paa kwa sababu mikono yake ilikuwa imeumia, na hilo likawa habari ya gazeti. Wengi waliona glavu ni kukosa uanaume. Deacon White, mmoja wa wadakaji bora kabisa wa enzi ile, alijenga jina lake kwa mikono mitupu.

Kilichowaokoa kwa kiasi ni mahali waliposimama. Kanuni za mwanzo zilisema mpigaji anatoka hata kama straiki yake ya tatu, yaani mpira halali wa tatu alioshindwa kuupiga, imedakwa baada ya kudunda mara moja, na vilevile mpira uliokwenda nje ya mstari ukidakwa baada ya mdundo mmoja. Kwa hiyo mdakaji alirudi nyuma hatua nyingi, akauacha mpira udunde na upoe, ndipo akauchukua. Alisogea karibu na gongo pale tu ilipobidi: mpinzani akiwa kwenye kituo, mojawapo ya alama nne anazozunguka mkimbiaji ili kufunga, na anaweza kukiiba kinachofuata, yaani kukikimbilia mpira ukiwa haujapigwa, au mpigaji akiwa amebakiza straiki moja. Nat Hicks wa New York alisifika miaka ya 1870 kwa kusimama karibu kuliko wengine, akasifika pia kwa kuumia.

Halafu kanuni zikaanza kumsukuma mdakaji mbele. Mwaka 1880 Ligi ya Taifa, ligi kuu ya wakati huo, ilitaka straiki ya tatu idakwe kabla haijagusa chini. Mwaka 1883 ikafuta mdako wa mdundo mmoja kwa mipira ya nje. Katikati ya hayo, 1881, mrushaji aliongezewa umbali, kutoka futi 45 hadi futi 50, lakini 1884 ligi hiyohiyo ikamwondolea vizuizi vya namna ya kurusha. Zamani alitakiwa kutupa mkono ukiwa chini ya kiuno, na sasa akaruhusiwa kuutoa mpira juu ya bega kwa nguvu zake zote, kutoka mita 15 tu. Mdakaji amesogea mbele, mpira umeongezeka kasi, mkono ni uleule. Ukitafuta mwaka ambao mdakaji wa akiba alikuwa mtu wa lazima kuliko mwingine wowote, ni huo wa 1884. Juu ya yote, mwaka huo ligi kuu zilikuwa tatu kwa mpigo, na kila timu ilitaka angalau wawili.

Hebu tuuangalie mkono, maana mambo yote yanaanzia hapo. Mpira uliopita wazi mbele ya gongo hauumizi sana ukijua kuupokea. Unaweka vifundo vya mikono karibu karibu, vidole vinaelekea juu kwa mpira wa juu ya kiuno na chini kwa mpira wa chini, kamwe visimwelekee mrushaji. Viwiko vinalegea, na mpira unapogusa viganja unairudisha mikono kuelekea tumboni ili kasi iishe polepole. Adui ni mkwaruzo. Gongo linaugusa mpira kidogo tu, mpira unahama njia ukiwa umebakiza umbali mfupi mno, jicho linaona ila mkono hauwahi. Mpira uliokuwa unakuja katikati ya kiganja unatua kwenye ncha ya kidole. Pingili ya mwisho inateguka au inavunjika, ukucha unang'oka, au ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada inapasuka. Mkono wa kulia ndio ulioteseka zaidi, na huo ndio wa kurushia.

Chanzo cha pili cha majeraha kinasahauliwa: ishara. Mdakaji na mrushaji wanakubaliana kabla ya kila mpira kama unakuja wa moja kwa moja au wa kupinda. Mdakaji akijua, anaiweka mikono pale mpira utakapoishia. Asipojua, anaiweka pale unapoanzia, kisha anaikimbiza. Kuchelewa kidogo tu kunatosha kukipata kidole.

Mkono ukishaumia, tatizo linaingia uwanjani. Mkono uliovimba haufumbi vizuri, mipira inaponyoka, wakimbiaji wanasogea bure. Kutoka kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, hadi kituo cha pili ni futi 127 na inchi 3, karibu mita 39. Gumba bovu haliwezi kuubana mpira kwa mrusho wa urefu huo: unakwenda juu au unapinda, na wapinzani wakigundua wanaiba kila wakipata nafasi. Ndiyo maana meneja alimpumzisha mdakaji hata kama mwenyewe angetaka kuvumilia. Huruma haikuwa na nafasi kubwa katika hesabu hiyo.

Hapo ndipo namba mbili anapoingia, ila kuingia kwenyewe kulikuwa na masharti. Leo kocha hubadilisha mchezaji anapotaka. Wakati ule kumtoa mtu katikati ya mchezo na kuingiza mwingine kutoka nje kuliruhusiwa kwa ugonjwa au jeraha tu. Mwaka 1889 ndipo timu iliporuhusiwa kutumia mchezaji mmoja wa ziada, jina lake likiwa limechapishwa kwenye kadi ya mchezo, tena mwishoni mwa zamu, mojawapo ya vipindi tisa vya mchezo. Uhuru kamili wa kubadilisha ulikuja 1891. Kabla ya hapo timu zilifanya werevu: mdakaji wa pili alipangwa uwanjani tangu mwanzo, mara nyingi upande wa kulia nyuma, ambako mipira haikwenda sana. Namba moja akizidiwa, wawili hao wanabadilishana nafasi na hakuna kanuni iliyovunjwa. Chicago walifanya hivyo miaka yote waliyotawala ligi: Silver Flint anadaka, King Kelly yuko uwanja wa kulia, na siku Flint akihitaji kupumzika Kelly anasogea nyuma ya gongo. Kelly alikuwa nyota, hakuna atakayemwita mchezaji wa akiba, lakini mpango ulikuwa huohuo ambao timu ndogo ziliutumia kwa watu wa kawaida.

Kwa hiyo kijana aliyetaka kazi ya mdakaji wa pili alipaswa kujua mambo matatu. Kudaka, bila shaka. Kukimbilia mpira wa juu uwanjani bila kutia aibu. Na kumzoea mrushaji wa pili, maana timu zilipanga watu hawa kwa jozi: mrushaji mkuu na mdakaji wake, mrushaji wa pili na wake. Jozi ikizoeana, ishara zinapungua na vidole vinapona. Kupiga hakukutazamwa sana. Sandy Nava alikuwa mdakaji wa pili wa Providence nyuma ya Barney Gilligan, katika timu iliyobeba ubingwa wa 1884 kwa mkono wa mrushaji Charles Radbourn. Kwa misimu mitano Nava alicheza takriban michezo 100 tu, na wastani wake wa kupiga haukufika .200, yaani pigo safi moja kwa kila majaribio matano. Aliendelea kuajiriwa kwa sababu alidaka. Nava, aliyetoka California, ni miongoni mwa watu wa kwanza wenye asili ya Mexico kucheza ligi kuu, na mlango wake ulikuwa huu wa nyuma ya gongo ambao wengi waliukimbia.

Mlango huohuo ulimpitisha mtu mwingine, na hapa lazima nikae kidogo.

Moses Fleetwood Walker alizaliwa Ohio 1856, akasoma Chuo cha Oberlin kisha Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1883 alikuwa mdakaji wa Toledo katika ligi ndogo. Tarehe 10 Agosti mwaka huo Chicago walikuja Toledo kwa mchezo wa kirafiki, na nahodha wao Cap Anson akasema timu yake haichezi na mtu mweusi. Walker siku hiyo alikuwa na mkono mbovu na hakupangwa kabisa. Meneja wa Toledo, Charlie Morton, aliposikia kauli ile alimpanga palepale, uwanja wa kulia, mahali pa mdakaji mwenye mkono unaouma. Anson akacheza, maana mapato ya mlangoni hakutaka kuyakosa.

Mwaka uliofuata Toledo ilipanda hadi Jumuiya ya Marekani, mojawapo ya ligi kuu tatu, na tarehe 1 Mei 1884 Walker alidaka huko Louisville. Mrushaji wake mkuu alikuwa Tony Mullane, aliyeshinda michezo 36 msimu ule na kurusha zamu 567, idadi ambayo leo ingegawanywa kwa warushaji watatu au wanne. Mwingine alikuwa Hank O'Day. Kudaka zamu zote hizo kulihitaji zaidi ya jozi moja ya mikono, na mwezi Juni ikaletwa ya pili: James McGuire, kijana wa miaka 20 kutoka Youngstown, Ohio, ambaye baadaye angeitwa Deacon. Walker alimaliza na michezo 42, wastani wake .263. McGuire akacheza idadi inayokaribiana na hiyo. Gawanya msimu kwa mikono yao uone jinsi neno akiba lilivyokuwa pungufu: namba mbili alifanya nusu ya kazi.

Mkono wa Walker ulikuwa na mzigo ambao wa McGuire haukuwa nao. Mullane mwenyewe alikiri miaka mingi baadaye, 1919, kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi, lakini hakumpenda kwa sababu ya weusi wake, na kila alipomrushia alirusha alichotaka bila kuangalia ishara. Rudi kwenye yale niliyosema juu ya ishara. Walker alidaka mipira ya mmoja wa warushaji wakali wa ligi bila kujua kama unakuja moja kwa moja au unapinda, mara nyingi kwa mikono mitupu, mara nyingine kwa glavu nyembamba za ngozi ya kondoo zilizopasuliwa vidole na kutiwa kitambaa kidogo kiganjani. Watu huisoma kauli ya Mullane kama mfano wa chuki tu. Kwa anayejua kudaka, ni maelezo ya jinsi ya kumvunja mtu vidole, siku baada ya siku, mbele ya umati, bila mwamuzi kuona kosa lolote.

Julai 1884 mkwaruzo ulimvunja Walker ubavu. Septemba ikaja barua kutoka Richmond, Virginia, ikimwonya Morton kwamba wapo watu 75 walioapa kumshambulia Walker akivaa sare huko. Alikuwa majeruhi na hakwenda, na mwezi huohuo akaachishwa. Alidaka tena ligi ndogo. Mwaka 1887, akiwa Newark, aliunda jozi na mrushaji mweusi mwenzake, George Stovey, na Julai mwaka huo ligi yao ikaamua kutosaini tena mikataba na wachezaji weusi. Walker alidumu Syracuse hadi 1889. Kilichofuata ni mlango uliofungwa hadi 1946. Mwaka 1908 alichapisha kijitabu akiwashauri Waamerika weusi wahame, warudi Afrika. Alifariki 1924.

McGuire, kijana aliyeletwa kugawana naye mzigo, aliendelea kudaka. Tutarudi kwake.

Vifaa vilikuja kwa kuchelewa na kwa mpangilio wa ajabu: uso kwanza, kifua kikafuata, kisha mkono, miguu mwisho. Kabla ya barakoa wadakaji waliuma kipande cha mpira kati ya meno ili pigo lisiyang'oe. Mwaka 1877 Jim Tyng wa Chuo cha Harvard alicheza na barakoa ya waya iliyobuniwa na Fred Thayer kwa kuigiza ile ya wapiganaji wa vitara, na hataza ikatoka 1878. Kinga ya kifua ilianza kwa kujificha, pamba au ngozi chini ya fulana, kwa hofu ya kuzomewa. Inasimuliwa kwamba Charlie Bennett wa Detroit na mkewe walishona ya kwao nyumbani kwa vipande vya koki, lile gamba jepesi la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, wakaijaribu kwa mke kumrushia mume mipira. William Gray wa Hartford, ambaye pia alibuni simu ya kulipia kwa sarafu, alitengeneza ya kupulizwa hewa kama mto wa mpira. Ilimeza pigo vizuri kabisa, hadi itoboke.

Glavu nene ndiyo iliyobadilisha kila kitu, na imetokana na mdakaji asiyejulikana sana. Joe Gunson alikuwa Kansas City 1888, wachezaji wakiwa haba kama kawaida. Siku ya Kumbukumbu, mwishoni mwa Mei, timu ilikuwa na michezo miwili kwa siku moja, kidole chake kilikuwa kimeumia na hapakuwa na mwingine wa kudaka. Alichukua glavu ya mkono wa kushoto akavishona vidole vyake pamoja viwe kitu kimoja, akadaka michezo yote miwili. Alipoona inafaa, akaiboresha. Alichukua mkono wa waya wa kopo kuukuu la rangi akaupindisha kufuata ncha za vidole, akauzungushia vitambaa vya flana vilivyotolewa kwenye mikanda ya jaketi za timu, gumba nalo akalitia pedi. Kiganjani aliweka ngozi ya kondoo yenye manyoya yake, juu ya yote akafunika kwa ngozi ya paa.

Angalia ubunifu ulivyokaa. Waya unaupa ukingo umbo, kwa hiyo mpira ukigonga pembeni haukunji kidole. Manyoya yanapunguza kasi kabla mpira haujafika kwenye kiganja. Vidole vilivyoshonwa pamoja haviachani, basi hakuna kimoja kinachobaki peke yake mbele ya mpira. Kila sehemu ya glavu ile inajibu jeraha fulani, na aliyeyajua majeraha ni aliyekuwa nayo. Gunson hakukata hataza. Aliyekata, 1889, ni Harry Decker, mdakaji mwingine wa kuhamahama kati ya timu, na kwa miaka mingi glavu ya aina hiyo iliitwa kwa jina lake. Mimi naona Gunson alistahili sifa kubwa kuliko aliyopewa, ingawa wapo wengine waliojaribu jambo hilohilo karibu wakati mmoja.

Glavu nene ilikuja na ugumu wake. Mikono miwili sawa iligeuka kuwa mmoja wa kudakia na mmoja wa kurushia. Mkono wa kulia ukajifunza kujificha, vidole vimekunjwa ngumi legevu, gumba ndani, hadi mpira ugonge kushoto. Hapo unafunguka, unaufunika mpira na kuutoa. Aliyezoea mikono mitupu alichelewa kuutoa, na wakimbiaji wakafaidi. Aliyejifunza alidumu. Mwaka 1895 kanuni ziliwekea mipaka glavu za wachezaji wote, aunsi 10 na mzingo wa inchi 14, isipokuwa mdakaji na mlinzi wa kituo cha kwanza. Mwaka huohuo McGuire, sasa wa Washington, alidaka michezo yote ya timu yake, zaidi ya 130. Miaka 11 nyuma, yeye na Walker hawakuweza kufikisha hiyo kwa kuungana.

Kwa hiyo uvumbuzi uliomwokoa mdakaji ulimnyima wa akiba nusu ya michezo yake.

Mkataba wake haukumlinda. Tangu 1879 klabu zilijiwekea haki ya kumshikilia mchezaji msimu hata msimu, kwanza wachezaji watano kwa timu, kisha 11, hatimaye karibu kila mtu. Asingeweza kwenda kutafuta namba kwingine kwa hiari yake, ilhali klabu iliweza kumwachisha kwa taarifa ya siku kumi. Kwa nyota hilo lilikuwa kero ya mshahara. Kwa mdakaji wa pili lilikuwa swali la kama wiki ijayo ana kazi. Mwishoni mwa 1888 wenye timu walipanga wachezaji katika madaraja matano ya malipo, la juu dola 2,500 na la chini dola 1,500 kwa mwaka, na rahisi kukisia mdakaji wa akiba alikaa daraja gani. Hasira ya mpango huo ilichangia wachezaji kuunda ligi yao wenyewe 1890, iliyodumu msimu mmoja.

Siku ambazo hakudaka pia alifanya kazi. Alimpasha misuli mrushaji kabla ya mchezo, mipira kadhaa isiyoandikwa popote inayouma sawa na inayoandikwa. Mwamuzi asipofika, mchezaji wa kila timu aliombwa kuamua, na kwa kawaida aliombwa asiyecheza. O'Day, yule mrushaji wa Toledo, aliianza hivyo kazi iliyomfanya mwamuzi mashuhuri.

Mwaka 1901 Ligi ya Taifa ilimtaka mdakaji abaki karibu na gongo muda wote, ule mtindo wa kurudi nyuma ukafa. Miguu ndiyo ikabaki wazi. Roger Bresnahan wa New York alitokea siku ya ufunguzi 1907 na kinga za ugoko zinazofanana na za kriketi, akazomewa. Wapo waliovaa za kwao kabla yake, chini ya soksi.

Mwaka huohuo, mjini humohumo, ilionekana hatari iliyobaki ya kuwa namba mbili: kuitwa ukiwa hujawa tayari. Branch Rickey alikuwa mdakaji wa akiba wa timu ya Highlanders, bega lake la kurushia limeharibika. Tarehe 28 Juni alipangwa dhidi ya Washington, ambao waliona mrusho wake wa kwanza wakajua. Waliiba vituo 13 katika mchezo mmoja na kushinda 16 kwa 5. Hakuna glavu wala barakoa inayosaidia hapo. Mita 39 ni mita 39. Rickey aliacha kucheza karibu mara moja, akasoma sheria, akawa mwendeshaji wa timu. Ndiye aliyemsaini mchezaji mweusi Jackie Robinson 1945, na kwa mkataba huo ukafunguka mlango uliofungwa nyuma ya Walker.

McGuire alidaka michezo 1,611 na kucheza katika misimu 26 ya ligi kuu, katika timu nyingi kiasi kwamba ramani ya safari zake ni ramani ya besiboli ya wakati ule. Picha ya mikono yake ya uzeeni inasambaa hadi leo: pingili zimeelekea kila upande, kama mizizi ya tangawizi.

Mei 1912 alikuwa kocha Detroit. Ty Cobb alimpiga mtazamaji jijini New York, akasimamishwa, na wenzake wakagoma kucheza Philadelphia tarehe 18. Ligi ilitishia faini ya dola 5,000 timu isipoonekana uwanjani. Meneja Hughie Jennings akaokota vijana wa mitaani na vyuoni, akampa mpira Allan Travers, mwanafunzi aliyekuja baadaye kuwa padri. Nafasi moja haikuweza kupewa kijana yeyote bila kumjeruhi. Katika kituo cha kwanza alisimama Joe Sugden, kocha wa miaka 41, mdakaji wa zamani. Nyuma ya gongo alichuchumaa McGuire, miaka 48, tayari ni babu wa wale vijana kwa umri wa mchezo. Philadelphia walifunga 24, Detroit 2. McGuire alipiga mpira mmoja safi, akazunguka vituo, akafunga. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu Toledo imlete kudaka siku ambazo mkono wa Walker hauwezi.